Watafiti Wanapoingia Kwenye Uchaguzi

Mtu akibishiwa hodi na wanakampeni, kisha akaenda kupiga kura, ni hodi ile iliyompeleka? Huenda angekwenda hata hivyo, maana wanakampeni huwaendea zaidi wenye mwamko. Majaribio ya nyanjani hukata mzizi wa utata huo: majina ya daftari la wapiga kura hugawanywa kwa nasibu, baadhi wakahamasishwa na wengine wakaachwa, kisha huangaliwa nani alijitokeza.

Mwaka 1998 watafiti Alan Gerber na Donald Green walifanya hivyo New Haven, Marekani. Mazungumzo ya ana kwa ana yaliongeza wapiga kura waziwazi, barua zilisaidia kidogo, simu hazikusaidia. Kwa kazi ya namna hiyo sina ubishi.

Ugumu unaanzia kwenye jaribio la jimbo la Michigan, Marekani, 2006. Kabla ya uchaguzi wa mchujo, baadhi ya kaya zilipokea barua iliyotaja nani mtaani alipiga kura siku za nyuma na nani hakupiga, na kuahidi orodha mpya baadaye. Waliojitokeza wakafika asilimia 37.8, dhidi ya 29.7 ya wasiotumiwa kitu. Watetezi husema kumbukumbu hizo ni za umma, na mtu alimpigia nani kura ilibaki siri. Ni kweli, ila jina kukaa kwenye faili la serikali si sawa na kupelekwa mlangoni kwa jirani. Kilichowasukuma watu ni kuogopa aibu, na hakuna aliyeombwa idhini. Lakini idhini nayo ina gharama: barua nyingine iliyowaeleza tu kwamba wanachunguzwa iliwapandisha hadi asilimia 32.2. Ukimwambia mtu, umeshambadilisha.

Mimi naukubali usiri huo wa kutowaambia watu kwamba wanachunguzwa, kwa masharti mawili: mtumaji asijifiche, na jaribio lisiweze kumbadilisha mshindi. Katika jimbo la Montana, Marekani, mwaka 2014 yote mawili yalipuuzwa. Wapiga kura wapatao 100,000 walipelekewa na watafiti wa vyuo vikuu barua zenye nembo ya jimbo, zikiwapanga wagombea ujaji kwa mrengo wa kisiasa katika uchaguzi usio wa vyama. Vyuo vilivyohusika viliomba radhi, na vilistahili kufanya hivyo.

Na kuhesabu waliojitokeza pekee hakutoshi. Nchini Kenya, mwaka 2013, ujumbe wa simu kutoka tume ya uchaguzi uliongeza wapiga kura kidogo. Watafiti walipouliza zaidi, walikuta waliotumiwa ujumbe huo wana imani ndogo kwa tume kuliko wasiotumiwa. Bila swali hilo la pili, jaribio lingeandikwa kuwa limefaulu.