Mnatuchorea nyumba ndogo halafu uani mnauacha wapi?

Kabla sijaenda mbali, nikisema nyumba ndogo hapa namaanisha ya tofali na bati, wenye mawazo yenu tulieni.

Wikiendi nilimsindikiza dada yangu kuangalia nyumba za kuuza huko nje kidogo ya mji, hizi tunazoambiwa za bei nafuu, vyumba viwili kimoja masta, sebule, daining, jiko, choo cha pablik, fensi na hati juu. Kwenye picha za WhatsApp ni kali balaa. Tumefika, kijana wa mauzo katupokea vizuri, maji ya baridi, karibu dada karibu kaka, ndani taili zinang'aa na jipsam ina taa za bluu utadhani ukumbi wa harusi. Dada kapita vyumba vyote kimya mpaka jikoni, kasimama, kageuka (na kugeuka kwenyewe mle ndani ni kwa mahesabu), kauliza:

"Mdogo wangu, maharage nachemshia wapi hapa?"

"Dada siku hizi si watu wanatumia gesi."

"Gesi ya kuchemsha maharage masaa mawili utakuwa unaninunulia wewe?"

Kijana kacheka, na mimi nikacheka, ila njia nzima ya kurudi nikawa nachemka mimi badala ya maharage.

Maana tatizo sio udogo. Wabongo wengi tumekulia vyumba vidogo na hatuna kinyongo navyo. Tatizo ni mchoraji kuchukua ramani ya mjengo wa Mbezi Beach wa vyumba vinne na kuibana mpaka ilie, ndo anatuletea. Kila kitu kipo na hakuna kinachotosha. Chumba nilikipima, mita 2.7 kwa 2.7. Sasa weka kitanda cha sita kwa sita, ambacho ni karibu mita 1.83, unabaki na sentimita 87. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Likikaa ubavuni mwa kitanda, upande huo umebaki na sentimita 27 za kupita na za kufungulia mlango wa kabati, yaani asubuhi unavaa ukiwa umesimama kitandani. Halafu nyumba nzima ina mita za mraba 56, na humo humo kuna korido ya mita 1.2 kwa 5, mita za mraba 6 za kupita tu! Na daining, jamani, daining ya nini, nani anayekula hapo zaidi ya mtoto anayefanyia homuweki?

Ila kilichoniuma zaidi ni nyuma ya nyumba.

Nendeni Kariakoo kwenye zile chache zilizobaki, au Ilala, au Magomeni, mkaangalie nyumba ya Kiswahili ilivyokaa. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ukitokea nyuma unakuta uani, huko ndo jiko lilipo, choo, stoo, kamba za kuanika, mama anakuna nazi, mtu anasukwa nywele, watoto wanaogeshwa kwenye beseni. Vyumba vilikuwa vidogo na hakuna aliyelalamika kwa sababu nusu ya maisha ilikuwa nje, chumbani unaingia kulala. Sasa huyu wa leo kachukua vyumba vidogo vile vile, halafu uani kaufuta. Nyuma ya ile nyumba kuna kinjia cha mita moja na nusu na katikati yake chemba ya choo. Simtanki liko dirishani kwa masta. Hakuna pa kufulia wala pa kufunga kamba.

Na kiwanja kipo! Hiki ndo kinaniudhi. Mita 12 kwa 20, nyumba yenyewe ina kina cha mita 8, kwa hiyo mbele zimebaki mita kumi na nusu, zote zimepigwa pevingi, parking ya magari mawili, kwa mnunuzi ambaye anapanda mwendokasi na kumalizia na bajaji. Sogeza nyumba mbele jamani. Bakiza mita sita mbele, gari moja linaingia vizuri tu siku likinunuliwa, nyuma nazo zinakuwa mita sita. Mwaga zege kidogo mlangoni kwa jikoni, simamisha nguzo, ezeka bati, weka bomba na sinki la nje. Umemaliza. Hakuna tofali la ziada, na nakuhakikishia mama yeyote akifungua mlango ule wa nyuma akaona kibanda cha kupikia na bomba, hizo taa za bluu hatazikumbuka.

Najua mtakuja na nishati safi. Sawa, mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi moshi siupendi. Lakini hata huyo wa gesi anafua, anaanika, anaparua samaki, na mtungi ni salama zaidi ukikaa nje. Ghorofa nako najua uani haupo, Magomeni Kota zimewekwa kaya 644 kwa kwenda juu na katikati ya mji ni sawa, ila na huko balkoni ikae upande wa jikoni. Na haya, nakubali kwa shingo upande kwamba mwenye mradi naye ana maumivu, nondo na saruji bei juu, barabara na umeme mara nyingi anavuta mwenyewe, riba tarakimu mbili. Ndo maana nasema asogeze nyumba, sijasema aongeze chumba.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kwa pembeni yanafunguka nusu tu, kwa joto la Dar la Februari na dari fupi ile, LUKU itakula mshahara kwa feni peke yake. Paa la kuficha, lile linalofichwa nyuma ya ukuta ulionyanyuliwa juu, kwenye nyumba ya vyumba viwili ni kulipia tofali za ziada ili uvujiwe kwa mtindo wa kisasa.

Lingine ni hili la nyumba kutoruhusiwa kukua. Sinza na Kijitonyama viwanja vilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, mtu anapata kiwanja chenye huduma, nyumba anajenga mwenyewe taratibu, chumba leo, fremu kesho. Hivyo ndo tunavyojenga hadi leo. Kwa hiyo niuzie vyumba viwili vinavyojua cha tatu kinakuja, kwenye ukuta wa pembeni linta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango, ipite tayari ili siku nikipata hela navunja tofali chache naweka mlango, mashimo ya choo yasichimbwe upande huo, na paa liwe la kuendelezeka. Nilipouliza nikaambiwa mkataba hauruhusu kuongeza chochote, eti muonekano wa mtaa utaharibika. Ila kama nahitaji chumba cha tatu wanazo nyumba za vyumba vitatu, mtaa wa pili tu hapo, bei tofauti.