Msitu umezoea moto, ila siyo moto wowote

Kila ukitokea moto mkubwa wa msituni ubishi ni uleule. Huyu anasema acheni kulia, misitu inaungua tangu enzi na bado ipo, yule anasema huu ni msiba na ukizima akili ukauacha tutabaki na jangwa. Mi naona wote wana ushahidi, ila kila mmoja kasoma nusu.

Nianze na huyo wa kwanza maana wengi wanamwona mjinga. Chini ya maziwa ya milimani kuna matope yamejipanga tabaka juu ya tabaka tangu ile barafu kuu iishe, kama miaka 11,700 iliyopita, na humo ndani kuna chembe za mkaa na chavua za miti, ukiyachimba ukayapima umri unasoma kabisa, hapa paliungua, hapa ukame ulikaza nyasi zikachukua nafasi, hapa mvua ikarudi na miti ikarudi nayo. Miti ya sekwoia kule California nayo ina makovu ya moto ndani ya mbao, na yanaonyesha kati ya mwaka 800 na 1300, kipindi cha joto na ukame, moto ulipita mara nyingi sana. Mingine iliyopitia hayo yote bado imesimama mpaka leo! Gome lake ni nene balaa, na mbegu zake zinataka moto ufagie majani makavu ndo zipate udongo mtupu wa kuotea.

Halafu kuna Yellowstone, Marekani, 1988. Iliungua kama asilimia 36 ya hifadhi na watu wakasema basi, imekufa. Kumbe misonobari ya pale, lojipoli, mingi inafunga mbegu kwenye koni, yale matunda yake magumu kama mbao, kwa utomvu mgumu, moto ukipita utomvu unayeyuka, mbegu zinamwagika kwenye majivu. Miche ikaota kama imemwagwa.

Mpaka hapo jamaa kashinda, si ndiyo? Sasa twende 2016. Sehemu ya msitu ule ule uliozaliwa baada ya 1988 ikaungua tena, ikiwa na miaka 28 tu, wakati mwanzo moto mkubwa ulikuwa unakuja kila baada ya miaka 100 mpaka 300 hivi. Miti ilikuwa haijaweka akiba ya koni ya kutosha, miche iliyoota ikawa michache mno ukilinganisha na mara ya kwanza. Na zile sekwoia zilizovumilia karne za ukame, moto wa 2020 na 2021 unakadiriwa kuua asilimia 13 mpaka 19 ya zile kubwa zote za Sierra Nevada, milima ya huko California. Hapo ndo neno "imezoea" linaponikera, imezoea nini? Imezoea ratiba yake, ukiivuruga ratiba yale mazoea hayasaidii kitu.

Ila na hawa wa zima kila moto wasichekelee. Baada ya moto wa 1910 ulioteketeza zaidi ya hekta milioni moja Idaho na Montana kwa siku mbili, Marekani iliamua kupambana na kila moto, na 1935 idara yake ya misitu ikaweka kanuni kwamba moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Kwenye misitu ya ponderosa, aina nyingine ya msonobari, ambako moto mdogo ulikuwa unapita chini kila baada ya miaka michache na kufagia, takataka na vichaka vikajazana mpaka moto ukipata ngazi ya kupanda juu mitini hausimami. Watu wengine wanaichukua stori hii na kuibandika kila msitu, hapana bwana, lojipoli haikuwahi kuwa na huo moto wa kufagia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu kuchoma kidogokidogo kwa makusudi, kwenye ponderosa na sekwoia naunga mkono mia kwa mia. Lojipoli siuoni msaada wake, pale kinachotakiwa ni muda, na ukame wa sasa hivi hautoi muda.