Safari ya Mikumi: mtoto anarudi na nini?

Muhula ukikaribia kuisha, barua ya mchango huja nyumbani: wanafunzi wanakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 300, kwa hiyo watoto huamshwa saa tisa usiku, wafike asubuhi nusu yao wakisinzia. Mzazi anayetoa fedha hiyo ana haki ya kuuliza mwanawe atajifunza nini huko ambacho picha ya kitabuni haitoi.

Wanaopinga safari hizi wana hoja nzito, na mimi siwabezi. Watoto hukaa barabarani saa kumi au zaidi kwenda na kurudi, halafu ndani ya hifadhi wanapata saa mbili tatu. Basi linakimbizana na wanyama. Mtu akisema "Simba!", watoto sitini wanabanana dirisha moja, aliye nyuma anaona migongo ya wenzake, na dereva ameshaondoa gari. Kuna jambo linaloniuma zaidi: wanaobaki. Nimesikia majina ya waliolipa yakisomwa mbele ya darasa zima, na mtoto ambaye jina lake halikutajwa akainamisha kichwa. Huo nao ni mfundo ambao hautoki upesi.

Hata hivyo, mwaka jana nilisindikiza darasa la tano, na nilichokiona kwenye bwawa la viboko kimenifanya nisimame upande wa safari.

Pale watu huruhusiwa kushuka garini. Viboko walikuwa wamezama, pua tu zikionekana, na watoto wakaanza kuchoka. Kijana mmoja akaokota kijiti, akavunja bonge kavu la kinyesi cha tembo. Ndani mlikuwa na mabua ya nyasi, nyuzi za magome na mbegu nzima nzima. "Mbona hajasaga?" akauliza. Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi akachuchumaa pamoja nao, akawaeleza kuwa tumbo la tembo halimeng'enyi hata nusu ya anachokula, ndiyo maana anashinda akila na kutembea, na mbegu alizokula huku anaziacha kule, zikiwa na mbolea yake. Binti mmoja akadakia, "Kumbe anapanda miti!"

Darasani somo hilo ni mstari mmoja wa kukariri: wanyama husaidia kusambaza mbegu. Pale bwawani lilichukua dakika kumi na kijiti, na mtoto ndiye aliyeuliza swali. Simba hawakumwona siku ile.

Kwa hiyo naona faida ya safari haipimwi kwa idadi ya wanyama waliohesabiwa. Ipo katika kutulia mahali pamoja. Kwenye uwanda wa Mkata, gari likizimwa nusu saa tu karibu na nyumbu na pundamilia, mtoto ataona kuwa wanachanganyika, na mwalimu aliyejiandaa atawauliza kwa nini. Pundamilia humudu nyasi ndefu na ngumu, nyumbu hupenda zile fupi, na macho mengi humwona adui mapema. Mwalimu asiyejiandaa ataishia kupiga picha.

Hata barabara kuu ya kwenda Iringa, inayokatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, ni somo. Malori ya kwenda Zambia yanapita humo usiku na mchana, na wanyama hugongwa. Swala aliyelala kando ya lami huzua maswali magumu kuliko tembo aliye mbali, na mtoto anayapata hata kabla ya getini.

Wapo wanaosema watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hawahitaji safari, kwa kuwa tembo wanamjua. Wanamjua kwa shamba la mahindi lililolazwa chini asubuhi. Hao ndio ningewapeleka kwanza, wala si kwa kuwaambia wampende tembo, bali wapate kumwona akiwa kwake, na wamuulize askari maswali ambayo watoto wa Dar hawana.

Kwenye kikao kijacho cha wazazi nina mapendekezo mawili. Mchango ukusanywe kidogo kidogo kuanzia Januari, na pengo la asiyeweza lifidiwe kimyakimya bila orodha kusomwa. Na ratiba ya mizunguko ya hifadhini ipunguzwe, darasa likae bwawani saa nzima, na kila mtoto apewe daftari na penseli.