Usiupe mtambo wa hifadhi makombo ya anwani

Ofisi zetu za Arusha na Moshi zikinunua mtambo wa kuhifadhi data, ule wa nodi kadhaa (seva zenye diski zake) zinazofanya kazi kama klasta moja, yaani kama mtambo mmoja, mjadala huwa ni terabaiti na bei. Anwani za IP hukumbukwa siku ya kufungua maboksi. Fundi wa muuzaji ametoka Dar, anarudi kesho yake jioni, anasema: "Naombeni anwani." Mtu wa TEHAMA anafungua orodha yake na kuokota zilizobaki: ile inayoishia na 47, ya 112, ya 113, na ya 201 iliyo jirani na printa. Mtambo unawaka, mafaili yanafunguka, watu wanapeana mikono. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha iliyolipwa inapoanza kupotea, maana kilichonunuliwa ni uwezo wa kuendelea kazi nodi moja ikifa, na uwezo huo unakaa ndani ya anwani.

Wengi huamini nodi nne zinataka anwani nne. Tazama kinachotokea. Nodi ikifa, anwani yake inahamia kwenye nodi iliyo hai ili kompyuta za watumiaji zisikwame. Kama kila nodi ilikuwa na anwani moja, ile ya nodi iliyokufa itaangukia nodi moja tu. Hiyo sasa inabeba mzigo wa wawili, na zile mbili nyingine hazisaidii chochote. Hesabu ninayoitetea ni ile inayopendekezwa pia kwa mitambo ya hifadhi ya Isilon: zidisha idadi ya nodi kwa idadi hiyohiyo iliyokwisha kupunguzwa moja. Nodi nne zinapata anwani 12, tatu kila moja. Moja ikifa, anwani zake tatu zinagawanyika kwa wenzake watatu, moja moja, na kila mmoja anabaki na nne. Mzigo umegawanyika sawa.

Hizo 12 ni za NFS toleo la 3, njia ya kufungua mafaili kupitia mtandao inayotumika zaidi na Linux, ambayo seva yake haiweki kumbukumbu ya nani amefungua nini. Anwani ikihama, mteja anarudia ombi lake na kazi inaendelea. Watu wa Windows wanatumia SMB, njia yao ya kazi hiyohiyo, na huko nodi ndiyo inayoshika kikao cha mtumiaji, kwa hiyo kuihamisha anwani katikati ya kazi kunakata kikao. SMB 3 ya mwaka 2012 ilileta njia ya kulishika faili lisidondoke, ila pande zote mbili lazima ziwe na uwezo huo na uwe umewashwa. Kwa SMB ya kawaida ninatenga anwani zisizohama, moja kwa kila nodi. Zinakuwa 16. Ongeza moja ya huduma ya majina na moja ya rauta, tumefika 18.

Subneti ni fungu la anwani, na namba ya baada ya mkwaju ikipungua, fungu linakua. Ya /28 ina anwani 14 za kutumia, kwa hiyo imekwisha kabla hatujaanza. Ya /27 ina 30, inatosha kwa leo. Kampuni ya utalii ya pale Njiro ikiona video za Serengeti zinajaa na kuongeza nodi mbili, zinahitajika 38. Wakifika nodi nane zinahitajika 66, na hata /26 yenye 62 imefurika. Kubadilisha subneti ya hifadhi inayotumika ni kusimamisha ofisi nzima. Sasa uchoyo huu ni wa nini? Waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1918, wa mwaka 1996, ulitenga anwani za matumizi ya ndani, na fungu la 10.0.0.0/8 peke yake lina zaidi ya milioni 16. Hakuna anayezilipia. Ipe hifadhi subneti ya /24 yake yenyewe, kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), tangu siku ya kwanza.

VLAN yake yenyewe, nasisitiza, kwa sababu ya umeme. Umeme unakatika, UPS inaishiwa, mtambo unazimika. Rauta ndogo yenye betri yake bado iko hewani, na ndiyo inayogawa anwani kwa DHCP, yaani kumpa kila anayejiunga anwani yenyewe bila kuombwa na mtu. Mgeni anawasha laptopu. Rauta inaangalia kama anwani ya 112 ina mtu, haijibiwi, inampa. Umeme unarudi, mtambo unaamka na kuidai anwani yake, na sasa vifaa viwili vinajitangaza kwa anwani moja. Baadhi ya watumiaji wanapata mafaili, wengine hawapati, na baada ya dakika chache wanabadilishana. Ofisi italaumu kebo, italaumu swichi, italaumu kirusi. Hospitali ambako daktari anasubiri picha ya eksirei haistahili kukaa asubuhi nzima katika hali hiyo, wakati dawa yake ni kuweka hifadhi mahali ambapo DHCP haigawi kabisa.

Kwepeni pia fungu la 192.168.1.0/24. Rauta nyingi za nyumbani huja nayo kutoka kiwandani. Mhasibu aliye kwake Moshi anaingia mtandao wa ofisi ya Arusha kwa VPN, njia salama inayopita kwenye intaneti, laptopu yake inadhani hifadhi iko ndani ya nyumba yake, inaitafuta humohumo, haiioni. Na 172.17.0.0/16 iacheni, programu ya Docker huichukua yenyewe kwenye seva.

Milango ya usimamizi ya kila nodi ikae kwenye mtandao wa mafundi, mbali na watumiaji. Mtandao wa nyuma, ambao nodi zinautumia kupeana data zenyewe kwa zenyewe, uwe na swichi zake, usiwe na njia ya kutoka nje, na namba zake zisigongane na za sehemu nyingine yoyote ya ofisi.

Mtumiaji naye asipewe namba hata moja. Apewe jina. Mitambo mingi ya aina hii inaweza kukabidhiwa kipande chake cha DNS, huduma inayogeuza jina kuwa anwani, ikajibu yenyewe kila ombi kwa kutaja nodi yenye nafasi. Muda wa kukumbuka jibu uwekwe mfupi sana, sifuri ikiwezekana, la sivyo seva ya DNS ya ofisi itang'ang'ania jibu moja na kuwapeleka watu wote kwenye nodi moja. Ukiona namba ya IP imeandikwa ndani ya programu ya uhasibu, iondoe leo, kwa sababu siku ya kuhama itakufunga.

Ninachowaomba wakurugenzi na maofisa ununuzi ni hiki: jedwali la anwani liwe sehemu ya mkataba, likiwa na hesabu ya nodi za leo na zile mnazotarajia kuongeza, na lisainiwe na mtu wa mtandao kabla ya malipo ya kwanza. Fundi naye asiondoke mpaka nodi moja imechomolewa nyaya saa za kazi, watu wakiwa wamefungua mafaili, na kila mmoja ameona anwani zimehamia wapi.