Kilichokausha maiti za Misri ni magadi

Makala nyingi za Kiswahili kuhusu maiti za Misri ya kale zikifika kwenye swali la namna zilivyohifadhiwa, huandika "dawa za siri" na kupita. Inasikitisha, kwa sababu jina la dawa hiyo tunalo, tena liko jikoni: ni magadi.

Wamisri waliyachota Wadi Natrun, bonde lililo kaskazini-magharibi mwa Cairo, ambako maziwa hupungua wakati wa joto na kuacha ukoko mweupe ufukweni. Ukoko huo ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, iliyochanganyika na chumvi ya kawaida. Wazungu huuita natron, na ndiyo asili ya jina la Ziwa Natron la Tanzania, jirani wa Ziwa Magadi la Kenya. Anayetia magadi kwenye maharage anashika ndugu wa kitu kilekile kilichomkausha Farao Ramses II.

Kazi yenyewe ilianza kwa haraka. Kuoza huanzia tumboni, kwa hiyo waliipasua maiti ubavu wa kushoto wakatoa ini, mapafu, tumbo la chakula na utumbo. Kila kiungo kilikaushwa peke yake, na kwa karne nyingi kikawekwa katika mtungi wake chini ya ulinzi wa mmoja wa wana wanne wa mungu Horus. Ubongo ulivutwa puani kwa kulabu na haukutunzwa, maana kwao akili ilikaa moyoni. Moyo ndio walioujali: uliachwa kifuani ungoje mizani ya Osiris, mungu wa wafu, ambako ungepimwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki.

Kisha magadi, na hapa ndipo wengi hukosea. Zamani hata wataalamu walidhani maiti ililoweshwa katika maji ya magadi. Lakini maji hayakaushi. Ngozi hulainika na kubanduka. Magadi yalitumika makavu: vifuko vyake vilijazwa ndani ya kifua na tumbo, na mwili mzima ukafukiwa chini ya lundo. Hufyonza maji, huyageuza mafuta ya mwili kuwa kama sabuni, na kuwanyima bakteria unyevu wanaouhitaji. Mwaka 1994 watafiti Bob Brier na Ronn Wade walijaribu njia hiyo Maryland, Marekani, kwa maiti ya mtu aliyeutoa mwili wake kwa sayansi. Walitumia zaidi ya kilo 200 za magadi kwa siku 35, na mwili ukapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake.

Msomaji wa Biblia atakumbuka hesabu inayokaribiana na hiyo. Mwanzo 50 inasema Yakobo alipakwa dawa kwa siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, naye anazitaja 70. Siku zilizobaki baada ya kukausha zilikuwa za mafuta, utomvu wa miti, na kuviringisha kitani kiungo kwa kiungo, hirizi zikipachikwa katikati ya tabaka.

Utomvu huo ulizidi mkono kwa Farao Tutankhamun. Walimmiminia mwingi mno. Ukaganda mweusi na kumnata ndani ya jeneza la dhahabu. Howard Carter, aliyeligundua kaburi lake, na daktari Derry walipomfungua mwaka 1925, ilibidi watumie patasi na kumtoa vipande vipande. Malkia Henuttawy wa nasaba ya 21 alipata madhara mengine: enzi hiyo waliingiza vijazio chini ya ngozi ili uso usinywee, wakapitiliza, na mashavu yake yakapasuka.

Weusi huo wa utomvu ndio uliozaa neno ambalo pwani yetu inaliogopa. Watu walidhani ni lami, kwa Kiajemi mumiya, iliyokuwa dawa ya majeraha. Ulaya ikafikia kusaga maiti za Misri na kuziuza kwa wagonjwa. Kwetu neno likaja kama mumiani, likaambatana na hofu ya wanyonya damu. Lawama hiyo haiwahusu kabisa mafundi wa Misri, waliougusa mwili kwa sala na kwa utaratibu, wakimfuata Anubis, mungu wa kuhifadhi maiti.

Hata magadi yaliyokwisha kutumika hawakuyatupa ovyo, kwa kuwa yalikwisha kunywa maji ya marehemu, na kwao hayo yalikuwa sehemu yake. Yalikusanywa na kuzikwa. Mwaka 1907, katika Bonde la Wafalme, shimo dogo lilifunguliwa likakutwa mitungi yenye vifuko vya magadi na vitambaa, na waliolifukua hawakuona thamani yake. Baadaye Herbert Winlock, mtaalamu wa Misri ya kale, aliitambua: mabaki ya kazi ya mazishi ya Tutankhamun, yaliyofukuliwa miaka 15 kabla ya kaburi lake.