Sudo Si Sudi

Mama mmoja alikuja steshenari kwangu kuchapisha kadi za mchango wa harusi ya binti yake. Alitaka mwandiko wa kujikunjakunja, "kama wa kadi ya jirani." Fonti hiyo nilikuwa nayo kwenye fleshi, lakini kwenye Ubuntu 16.04, mfumo unaoendesha laptopu yangu kuukuu, nikifika /usr/share/fonts, folda ya fonti za mfumo, neno la kubandika linafifia, halibonyezeki. Sina ruhusa.

Duka langu, umeme nanunua mimi, halafu sina ruhusa! Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika sudo nautilus (sudo huendesha programu kwa mamlaka ya root, mkubwa wa kompyuta; nautilus ndiyo programu ya mafaili), nikachapa nywila (ile isiyoonyesha hata nukta, unapapasa kama kipofu), dirisha la mafaili hilo. Fonti ikaingia. Mikono ikaniwasha: humo humo nikabofya kadi ya mama, ikafunguka kwenye LibreOffice, nikapamba, nikahifadhi. Nilijiona mkubwa.

Nikatoka kwenye akaunti yangu ili niingie upya. Nywila, skrini nyeusi, halafu ukurasa ule ule wa kuingilia. Mara ya pili. Mara ya tano. Wala hainiambii nimekosea. Inanikaribisha vizuri, kisha inanirudisha barazani.

"Mwanangu, mbona inakutapika?"

Nikampigia mpwa wangu.

"Mjomba, ulifungua dirisha kwa sudo?" Akacheka, hata pole hakunipa. Akanielekeza Ctrl+Alt+F1: giza na maandishi meupe. Nikaingia, nikachapa ls -la, nione kila faili ni la nani. Faili la .Xauthority, ufunguo wa kuingilia kwenye skrini: root root. Faili la mipangilio ya LibreOffice: root root. Kadi ya harusi yenyewe: root root! Kumbe sudo ya toleo lile inakuvika ukubwa wa root, ila nyumba, yaani folda ya mafaili yako, inabaki ile ile yako. Programu ya mkubwa ilikaa sebuleni kwangu ikaandika jina lake kila mahali, hadi kwenye ufunguo wa mlango. Na mimi miaka yote nadhani sudo ni nduguye sudi.

"Mama, kila kitu humu kimekuwa cha root," nikasema.

Dawa ikawa sudo ile ile: sudo chown -R (amri ya kubadili mwenye mali), jina langu, folda yangu ya nyumbani, Enter. Nikaingia mara moja tu. Printa ikaanza kulia.

Mama akahesabu kadi zake hamsini, akanirudishia moja.

"Hii mwandikie huyo Ruti. Kama mali yote ni yake, achange laki."