Filamu fupi za kuwania Oscar, kiingilio bure: nani analipa?

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, filamu fupi hupata msimu wake wa kuzungumzwa. Desemba, Akademia ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar hutangaza filamu 15 katika kila moja ya makundi matatu ya filamu fupi: za kuigizwa, za uhuishaji na za makala. Baadaye kila kundi hubakiwa na filamu 5, na usiku wa tuzo moja huondoka na sanamu. Katika kipindi hichohicho mialiko ya maonyesho ya bure huanza kusambaa, kwenye maktaba, vyuo, vituo vya utamaduni na viwanja vya wazi. Wapo wanaoona ndivyo inavyopaswa kuwa. Wapo wanaosema kuonyesha kazi ya kiwango hicho bila tiketi ni kuwazoesha watu kwamba filamu haina bei. Msimamo wetu ni kwamba onyesho la bure linafaa, hasa Afrika Mashariki, ilimradi gharama isimwangukie aliyeitengeneza filamu.

Tuanze na soko. Kwa kanuni za Oscar, filamu fupi haizidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina mwishoni. Ukumbi wa kibiashara hupanga ratiba yake kwa vipindi vya saa mbili hivi, na hakuna anayeuza tiketi ya dakika 22. Huo ndio urefu wa *Watu Wote*, iliyoongozwa na Katja Benrath kama kazi ya kuhitimu katika chuo cha Hamburg Media School. Inahusu shambulio la basi kaunti ya Mandera, Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutengwa na wenzao Wakristo. Wahusika wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2017 ilipata medali ya dhahabu ya Oscar za wanafunzi, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa 5 zilizowania tuzo yenyewe. Filamu yenye lugha yetu ilifika huko, na bado mfumo wa kawaida wa kumbi za huku hauna mahali pa kuiweka. Kwa hiyo hoja kwamba onyesho la bure linaua soko ina nguvu Los Angeles au London, ambako tangu 2006 kampuni ya ShortsTV ilianza kuzifunga filamu teule katika vifurushi na kuzipeleka kwenye kumbi zinazouza tiketi. Katika miji yetu mingi hakuna soko la aina hiyo la kuuliwa.

Lakini wanaopinga wana hoja ambayo waandaaji wengi hawaijui, nayo iko ndani ya kanuni za tuzo. Njia za filamu fupi kuingia kinyang'anyironi ni chache. Inaweza kushinda tuzo inayotambuliwa katika tamasha lililomo kwenye orodha ya Akademia. Kwa Afrika, Durban ni mojawapo. Inaweza kupata medali ya Oscar za wanafunzi. Au inaweza kuonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema kwa siku 7 mfululizo, walau mara moja kila siku, katika mojawapo ya maeneo 6 ya miji ya Marekani yaliyotajwa na kanuni, na watazamaji wawe wamelipa. Onyesho la bure halihesabiki kabisa katika njia hiyo ya tatu. Zaidi ya hapo, filamu ikishawekwa hadharani kwenye televisheni au intaneti kabla ya kufuzu, inapoteza sifa. Baadhi ya matamasha makubwa nayo hudai kuwa ya kwanza kuionyesha. Mwongozaji anayekukatalia ombi la onyesho la bure mwezi Mei huenda analinda nafasi ambayo ameifanyia kazi miaka miwili, na kumwita bahili ni kumkosea.

Kenya imeuona uzito wa sharti la tiketi katika filamu ndefu. Septemba 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa siku 7 marufuku dhidi ya filamu ya *Rafiki*, ili ionyeshwe kwa watu wazima na itimize masharti ya kuwakilisha nchi kwenye Oscar. Tuzo ilitaka siku 7 za ukumbi wa kibiashara. Kualika watu bure kwenye bustani kusingesaidia lolote.

Kwa hiyo wakati wa kuomba ni muhimu kuliko maneno ya barua yako. Filamu 5 teule za kila kundi huwa zimefungwa kwa mkataba wa kifurushi cha kumbi kuanzia uteuzi hadi baada ya usiku wa tuzo, na kuzipata bure katika wiki hizo ni karibu na muhali. Zitazame zile 10 zilizokuwa kwenye orodha ya 15 zikaachwa. Ukijumlisha makundi matatu unapata filamu 30. Kampeni yao imekwisha, bado zina sifa ya kufika karibu, na watengenezaji wake wanataka zionekane. Kwa maoni yetu ratiba iliyojengwa juu ya filamu hizo mara nyingi huzidi ile ya teule, kwa sababu kura za mwisho huelekea kwenye hadithi zinazogusa haraka, na kazi zenye ujasiri wa mtindo hubaki nyuma.

Mtego mkubwa ni YouTube. Magazeti na majarida makubwa ya Marekani, likiwemo jarida la *The New Yorker*, huweka baadhi ya filamu za kuwania Oscar mtandaoni bila malipo. Mwandaaji anaona hivyo, anaunganisha kompyuta na projekta, anatangaza onyesho. Masharti ya YouTube yanaruhusu kutazama kwa matumizi binafsi, na yanataja waziwazi kwamba kuonyesha video hadharani hairuhusiwi. Kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo, kwa kuwa haki ya kuonyesha kazi mbele ya umma ni ya mwenye kazi, mlango uwe wa bure au wa kulipia. Kinachotakiwa ni ruhusa ya maandishi inayotaja jina la filamu, tarehe, mahali, idadi ya viti na idadi ya maonyesho.

Hapa pana jambo linalogeuza mjadala. Kuna leseni zinazokataza kutoza kiingilio. Taasisi ya Ufaransa ina mfumo wa IFcinéma ambamo haki za maonyesho yasiyo ya kibiashara zimeshalipiwa kwa ajili ya vituo vyake na washirika wao. Goethe-Institut nayo ina hazina yake kwa matumizi ya namna hiyo. Mtengenezaji amelipwa, mtazamaji anaingia bure, na ukithubutu kuuza tiketi umevunja mkataba. Ufaransa ilijenga tukio zima juu ya wazo hilo: tangu 2011, Desemba 21, siku fupi kuliko zote kwao, filamu fupi zilipelekwa bure mashuleni, hospitalini, magerezani na mitaani. Ujerumani ikafuata mwaka uliofuata. Ubaya wake ni kwamba anayelipa ndiye anayechagua. Kituo cha Kifaransa kitakuletea zaidi filamu za Kifaransa, na ratiba inayoitwa ya kimataifa inaweza kuwa na nchi mbili tu ndani yake.

Wasiwasi huo una mizizi mirefu kwetu. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu Vugiri, Usambara, na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Ilikuwa sinema ya kufundisha kilimo, afya na kodi. Kizazi hadi kizazi watu wamezoea kwamba sinema inayokuja uwanjani bila kiingilio ina tangazo la sabuni au agizo la serikali ndani yake. Mfadhili akitaka hotuba ya dakika 15 kabla ya filamu, mkatalie. Jina lake kwenye bango na sekunde 10 kwenye pazia zinatosha.

Halafu kuna dai kwamba watu wetu hawawezi kulipia. Vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, vinalikanusha. Kwa miaka mingi watu wamelipa kuingia vyumba vyenye joto na mabenchi ya mbao kutazama filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani, kwa sababu palikuwa na mtu wa kuzisimulia kwa Kiswahili. Lufufu alijenga jina lake Tanzania kwa kazi hiyo, na DJ Afro akafanya hivyo Kenya. Walilipia kuelewa. Kizuizi cha kwanza cha filamu fupi ya Kiajemi au Kipolandi ni lugha, na kuifuta bei mlangoni peke yake hakukiondoi. Maonyesho mengi ya bure hufeli hapo: watu 200 wanakuja, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na baada ya filamu ya pili wamebaki 60.

Kama bajeti ni ndogo, basi, fedha ya kwanza iende kwenye haki na ya pili kwenye tafsiri. Filamu ya dakika 20 yenye mazungumzo ya kawaida huwa na mistari kati ya 200 na 300. Omba faili la SRT, yaani faili la maandishi ya chini, la Kiingereza kutoka kwa mtengenezaji, maana lina saa za kila mstari na linakuokolea nusu ya kazi. Weka herufi zisizozidi 42 kwa mstari, mistari miwili kwa wakati, na kila maandishi yakae kati ya sekunde 1 na 7. Kwa hadhira ambayo haijazoea kusoma huku ikitazama, punguza maneno hata kama mhusika amesema mengi. Msimulizi wa moja kwa moja anawezekana pia, na uwanja utachangamka, ila mwombe ruhusa mwongozaji. Wengine ukimya ndio uti wa filamu yao.

Ada ya onyesho moja kwa wasambazaji wengi wa Ulaya huanzia makumi ya euro hadi mia na kitu kwa filamu, na wanafunzi mara nyingi hukubali ada ndogo kuliko hiyo. Filamu 6 zinatimiza dakika 90, na 90 zinatosha. Anza na yenye hadithi inayoshika ndani ya dakika mbili, weka ya uhuishaji isiyo na maneno katikati, na nzito kuliko zote iwe ya nne, isiwe ya mwisho. Angalia uhuishaji kwa makini kuliko kitu kingine. Wazazi wakiona picha za kuchorwa huleta watoto, wakati filamu nyingi za kundi hilo zimetengenezwa kwa watu wazima, zenye vita, kifo au miili uchi. Tatizo hilo pia hukutana na sheria. Tanzania Bara filamu hupitia Bodi ya Filamu, Zanzibar baraza la sanaa na filamu liitwalo BASSFU, na Kenya bodi ya kuainisha filamu, KFCB, yenye madaraja ya GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18. Onyesho la bure la hadharani halina msamaha. Filamu moja ya 18 katika ratiba inalifanya onyesho zima kuwa la watu wazima, na uwanja wa wazi hauna mlango wa kumzuia mtoto.

Wanaotetea tiketi husema pia kwamba fedha huleta nidhamu ya ubora, na hapo tunakubaliana nao. Cha bure huachiwa kiwe hafifu. Pazia la mita 4 kwa 2.25 lina mita za mraba 9. Kwenye giza kamili lumeni (kipimo cha mwanga wa projekta) 1,500 za kweli zinalitosha, ila namba ya kwenye boksi hupimwa katika hali ya mwanga mkali, rangi zikiwa zimeelemea kijani. Ukiweka hali ya sinema unaweza kubaki na nusu. Penye taa za barabarani tafuta projekta ya 4,000 hadi 5,000. Pwani jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, lakini panga kuanza saa 2 usiku, baada ya Isha. Upepo wa kilomita 36 kwa saa hulisukuma pazia hilo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 50, na wakati wa kusi upepo huo si wa ajabu. Funga kingo kwa mpira unaovutika, kwani kamba kavu huchana vishimo vya pembeni.

Sauti ndiyo inayoharibu zaidi. Filamu hizi huja na sauti ya chaneli 6, ambapo mazungumzo yako kwenye chaneli ya katikati. Ukiunganisha spika mbili, kulia na kushoto, bila kuchanganya chaneli, utasikia muziki na mvua, na midomo ikicheza bila neno. Omba nakala ya stirio, yaani ya chaneli mbili. Jaribu kila filamu sekunde 30 za mazungumzo mchana wake, uandike kiwango cha sauti cha kila moja, maana hazilingani. Kwa picha, faili la kawaida la megabiti 20 kwa sekunde lina GB 3 kwa dakika 20. Lile la kumbi za sinema hufika GB 30 na zaidi, na linahitaji mashine yake. Projekta ya taa ikikatikiwa umeme ghafla hukosa feni ya kuipoza, na balbu huweza kuungua. Betri ya akiba ya kuiwezesha kuzima vizuri ni rahisi kuliko balbu mpya.

Zanzibar ina mfano wa karibu. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar lililoanza 1998, limekuwa na maonyesho yake Ngome Kongwe na pia likapeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba. Mtindo huo wa mjini na shamba kwa pamoja unatufaa kuliko kuchagua upande mmoja: ukumbi wenye tiketi siku moja, uwanja wa bure siku inayofuata, filamu zilezile, na mkataba mmoja unaotaja maonyesho yote mawili na ada yake.

Baadhi huweka sanduku la hiari mlangoni ili kupata nauli ya mafundi. Soma leseni kwanza. Kwa baadhi ya wasambazaji sanduku hilo linahesabika kama kiingilio, na wakikujua hawatakupa filamu mwaka ujao. Waandikie waulize, na wakikubali, andika kwenye sanduku lenyewe fedha inakwenda wapi.